Mwenye chapa atawafundisha wafanyakazi wangu: vyeti vingine vya nini?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, na leo nami nimefikwa. Nataka kufungua kituo cha ustawi wa mwili kwa mkataba wa franchaizi, yaani nitatumia jina, nembo na utaratibu wa kampuni ambayo tayari ina vituo vingi, nami niilipe ada ya kuingia na asilimia ya mapato ya kila mwezi. Tutaanza na masaji, huduma za uso, utunzaji wa miguu, sauna na jakuzi. Baadaye kampuni inataka tuongeze chumba cha baridi kali, ambamo mteja hukaa kwa dakika chache, na dripu za vitamini.

Mwakilishi wao ameniambia nisihangaike kutafuta wataalamu. "Lete watu wenye tabasamu na nidhamu, sisi tutawafundisha kwa siku kumi, kila mmoja atatoka na cheti chetu." Mafunzo ni makao makuu, nauli na malazi ni juu yangu. Nilifurahi sana, nikaanza kupanga timu. Nina mpwa wangu aliyemaliza shule juzijuzi, wasichana wawili waliofanya kazi saluni, na kaka mmoja aliyekanda watu kwa miaka mingi: mikono yake inasifiwa na kila mtu, lakini hana karatasi hata moja. Yupo pia dada mwenye diploma ya urembo na masaji, ila anadai mshahara mkubwa kuliko wote, nami nilikuwa nimeshamfuta kwenye orodha.

Sasa jirani yangu, ambaye ni muuguzi, amenitia hofu. Anasema cheti cha kampuni hakitanisaidia siku mkaguzi akiingia, wala siku mteja akiumia. Nilipomuuliza mwakilishi, akasema vituo vyao vingine havijawahi kuulizwa chochote, na kwamba nisipotia saini kabla ya mwezi kuisha, eneo hili atapewa mtu mwingine.

Naomba unisaidie. Kati ya hawa wawili nimwamini nani? Wafanyakazi wangu wanahitaji vyeti gani hasa? Nikiwasomesha kwa fedha yangu kisha wakaondoka, itakuwaje? Na huyu kaka wa masaji, nimwache?

Ni mimi,
Kalamu Mkononi

*

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuandika kabla hujatia saini, maana mengi nitakayokuambia yanamfaa mtu ambaye bado ana nafasi ya kuuliza na kukataa.

Mwamini jirani yako. Mwakilishi huenda hakukudanganya, ila amekueleza upande wa kampuni tu. Cheti cha chapa kinathibitisha kwamba mfanyakazi amejifunza namna kampuni inavyotaka mteja apokelewe, mafuta gani yatumike, kipindi kianze na kumalizika vipi, na miadi iwekwe kwenye mfumo gani. Ni mafunzo ya maana, usiyadharau, maana ndiyo sehemu kubwa ya unachokilipia. Lakini ruhusa ya kumlaza mtu kitandani na kumkanda kwa malipo hutolewa na sheria ya mahali kituo kilipo, kupitia bodi, wizara au halmashauri iliyopewa jukumu hilo. Kampuni haiwezi kugawa ruhusa isiyo yake.

Na sheria hizo hazifanani hata kidogo. Tazama Marekani peke yake: jimbo la New York linataka mkandaji awe amesoma saa 1,000 kabla ya kupewa leseni, na Texas inadai saa 500. Ukivuka kwenda Uingereza hukuti leseni ya kitaifa ya masaji, lakini halmashauri nyingi za London hudai kituo kiwe na leseni maalumu, na huuliza sifa za watoa huduma. Sasa piga hesabu ya zile siku kumi. Hata mkifundishwa saa nane kila siku bila kupumzika, ni saa 80. Penye sheria kali, hizo si hata robo ya kinachotakiwa. Ndiyo maana maneno "vituo vyetu vingine havijawahi kuulizwa" hayana uzito wowote kwako. Huenda vituo hivyo viko chini ya sheria nyingine. Huenda pia zamu yao haijafika tu.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii ni kwenda, au kuandika, kwa mamlaka inayosimamia huduma hizi mahali utakapofungulia, na kuuliza kuhusu kila huduma kivyake. Usiulize "nataka kufungua spa, natakiwa nini?" Utapewa jibu la jumla lisilokusaidia. Chora jedwali. Upande wa kushoto andika huduma zote ulizonitajia, moja kwa mstari. Juu weka vichwa: leseni au usajili unaotakiwa kisheria, mafunzo ya mtengenezaji wa mashine kama ipo, mafunzo ya chapa, anachodai mwenye bima (yaani kampuni itakayokuuzia bima), nani ana sifa hizo, na tarehe ya kuisha. Jedwali hilo likijaa utaona wazi unamhitaji nani, na utaona kwamba orodha yako ya sasa ina mashimo.

Mwenye bima nimemweka humo makusudi. Watu wengi hununua bima ya dhima, ile inayolipa mteja akiumia, wakiwa wameshaajiri, wakadhani mambo yamekwisha. Mwenye bima hutaka kujua ni huduma zipi zitatolewa na nani, na akiwa na sifa gani. Kama mteja ataungua kwa mawe ya moto yanayotumika kwenye masaji na ikabainika aliyeyaweka hakuwa na sifa ulizotaja kwenye fomu, dai linaweza kukataliwa, ukabaki wewe na mteja wako na wanasheria. Zungumza naye kabla ya kuajiri, mwonyeshe jedwali, mwombe akujibu kwa maandishi.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Saa hizo nyingi za darasani hazipo ili kumchosha mwanafunzi. Mkono mzuri hufundishika haraka. Kinachochukua muda ni kujua wakati wa kuuzuia huo mkono.

Chukua mteja anayeingia jioni moja, ametoka safari ndefu ya ndege, anasema mguu mmoja unamuuma nyuma ya goti kushuka chini, anaomba ukandwe kwa nguvu. Mfanyakazi aliyefundishwa tabasamu na nidhamu atamlaza na kuanza. Aliyesoma atautazama mguu kwanza: je, umevimba kuliko mwenzake? Una joto? Umebadilika rangi? Dalili hizo zinaweza kuwa za damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani, na kukanda hapo kunaweza kulisukuma donge hadi kwenye mapafu. Mteja huyo hapaswi kuguswa mguu. Anapaswa kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo, ambaye hatakuambia kwamba jiwe ni la moto mno kwa sababu halisikii. Yupo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anayevilia damu kwa mkando wa kawaida tu. Yupo mjamzito anayetaka kuingia jakuzi. Yupo mwenye mzio wa karanga na jamii zake, nawe mafuta yako yametokana na lozi.

Kwa hiyo ukipewa mtaala wa kampuni, usianze kwa kutazama aina za masaji. Tafuta kwanza somo la kumhoji mteja kabla ya huduma na somo la kukataa kumhudumia. Uliza lina saa ngapi, nani anafundisha, na mwanafunzi anatahiniwa kwa vitendo au anajaza tu maswali ya kuchagua kwenye kompyuta. Kama somo hilo ni video ya dakika chache, mafunzo hayo ni ya mauzo, na utalazimika kulijaza pengo mwenyewe.

La pili ni usafi, nalo watu hulipitia juujuu. Mwaka 2000, huko California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni yaliyochukua miezi kupona na kuacha makovu. Wachunguzi walipofungua mabeseni ya kuogeshea miguu, nyuma ya vichujio vya maji walikuta nywele na mabaki ya ngozi yaliyorundikana, na bakteria aina ya Mycobacterium fortuitum wamejaa humo. Mabeseni kwa juu yalionekana safi. Hakuna aliyekuwa akikitoa kichujio na kukisugua. Hata kama umeajiri wasichana wachapakazi kiasi gani, kazi ambayo haikuwa kwenye mafunzo wala kwenye daftari la zamu haifanyiki.

Wafanyakazi wako wajifunze kwamba kuosha na kuua vijidudu ni hatua mbili. Kwanza uchafu unaondolewa kwa sabuni na maji, ndipo dawa inawekwa, nayo iachwe ikiwa mbichi kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Ukifuta baada ya sekunde chache umetia harufu tu. Kwenye jakuzi, awepo mtu aliyefundishwa kupima maji, na vipimo viandikwe. Mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, hutaka klorini isipungue miligramu 3 kwa lita na joto lisizidi nyuzi 40. Maji ya uvuguvugu yasiyotibiwa ndiyo makazi ya bakteria wa Legionella wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, wale waliotambuliwa baada ya watu kufariki kufuatia mkutano wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, nao huingia mwilini kwa kuvuta mvuke na matone ya maji hewani. Sehemu nyingi hutoa kozi na vyeti kwa wasimamizi wa mabwawa ya kuogelea na jakuzi. Mpeleke angalau mtu mmoja kwa kila zamu.

Huduma ya kwanza sitaki hata tujadiliane. Kila anayebaki na mteja chumbani awe na cheti hai cha huduma ya kwanza na ufufuaji, pamoja na mtu wa mapokezi. Mteja akizimia sauna na moyo ukasimama, anahitaji kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha takribani sentimita 5, na aanze kukandamizwa sasa hivi, si meneja atakapopatikana kwa simu. Vyeti vingi vya aina hii huisha baada ya miaka miwili. Tarehe hizo ziingie kwenye jedwali.

Chumba cha baridi kali na dripu za vitamini viweke kando kabisa kwa mwaka wa kwanza, hata mwakilishi akikusukuma. Dripu ni sindano kwenye mshipa, ni kazi ya muuguzi au daktari mwenye leseni, na kwa kawaida hutakiwa pawe na daktari anayewajibika kwa maagizo. Cheti cha siku kumi hakimfanyi mtu wa saluni kuwa mchoma dripu. Nakusihi usiruhusu jambo hilo hata ukiambiwa mahali pengine hufanywa. Chumba cha baridi nacho, kile kinachotumia naitrojeni, kina hatari isiyoonekana: gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ikisukuma oksijeni nje, mtu hupoteza fahamu bila kuhisi anakosa hewa. Mwaka 2015, huko Nevada, mfanyakazi wa kituo cha huduma hiyo aliingia chumbani peke yake baada ya saa za kazi, akakutwa amekufa siku iliyofuata. Mwaka uliofuata FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitangaza kwamba haijaidhinisha kifaa chochote cha baridi ya mwili mzima kwa ajili ya kutibu ugonjwa. Ikiwa siku moja utakiweka, mafunzo ya mtengenezaji yawe ya lazima, kipima oksijeni kiwepo ukutani, na pawepo amri isiyovunjwa kwamba hakuna anayeingia bila mwenzake aliyefunzwa kusimama nje.

Turudi kwenye mkataba. Nchini Marekani kanuni ya serikali humlazimu mwenye chapa kumpa mnunuzi waraka wa maelezo angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa chochote, na ndani yake kuna jedwali la mafunzo linaloonyesha kila somo, saa za darasani, saa za mazoezi kazini na mahali yatakapofanyika. Hata kama kwenu hakuna sheria ya namna hiyo, hakuna kinachokuzuia kudai kitu kilekile. Kampuni yenye vituo vingi inacho. Ikisita kukuonyesha, umeshajifunza jambo muhimu kuihusu.

Ukikisoma, tafuta majibu ya mambo haya. Ada ya kuingia inalipia mafunzo ya watu wangapi? Wa ziada analipiwa na nani? Kukiwa na marekebisho ya utaratibu, mafunzo ya marudio ni ya lazima, na kwa gharama ya nani? Na hili ambalo watu hulisahau: mfanyakazi akiacha kazi mwezi wa nne, mbadala wake atafundishwa wapi? Kazi hizi zina watu wanaoingia na kutoka. Ukilazimika kumpeleka kila mgeni makao makuu, nauli na malazi vitakula faida yako yote. Omba mkataba ukuruhusu kuwa na mkufunzi wako wa ndani, aliyeidhinishwa na kampuni. Omba pia kifungu kinachosema kwamba pale utaratibu wa chapa unapogongana na sheria ya mahali pako, sheria ndiyo itafuatwa na hutahesabiwa umevunja mkataba.

Umeuliza kuhusu kuwasomesha watu kisha wakaondoka. Hofu hiyo ninaielewa. Waajiri wengine huwasainisha wafanyakazi ahadi ya kurudisha gharama wakiondoka mapema. Sehemu nyingine sheria inaruhusu kwa masharti, kwingine inakataza, kwa hiyo usiandike lolote bila mwanasheria wa ajira. Ukiruhusiwa, deni lipungue kadiri mtu anavyotumikia, na lisihusu kamwe mafunzo ambayo sheria inakutaka wewe mwajiri uyatoe. Na tafadhali, usishikilie vyeti halisi vya mtu kabatini kama dhamana. Weka nakala, mrudishie mwenyewe karatasi zake. Mtu hukaa pale anapolipwa kwa wakati, anapopangiwa zamu zinazompa nafasi ya kupumzisha mikono, na anapoona kila cheti kipya kinaongeza kitu kwenye mshahara wake.

Hapo tumefika kwa yule dada uliyemfuta. Mrudishe kwenye orodha, tena juu kabisa. Kwanza thibitisha diploma yake. Ikiwa ni ya CIDESCO au ITEC, taasisi za kimataifa za vyeti vya urembo na masaji, hizo hutambulika katika nchi nyingi, lakini bado iulize mamlaka ya kwenu kama inazipokea. Usiridhike na karatasi aliyokuletea: andika kwa taasisi iliyoitoa, linganisha jina na kitambulisho, tazama namba ya usajili na kama bado iko hai. Diploma ikithibitika, huyo ndiye msimamizi wako wa huduma na ndiye mkufunzi wako wa ndani. Mshahara anaoudai ni mdogo ukilinganisha na gharama ya kituo kufungwa.

Wasichana wa saluni wana mwanzo mzuri, kwa kuwa wameshazoea wateja na vifaa. Jedwali litakuonyesha kozi ipi inawapungukia kwa huduma za uso na miguu. Mpwa wako mweke mapokezi, umfundishe fomu ya maswali ya afya hadi aijue vizuri, pamoja na kutunza siri za wateja, kwa sababu yeye ndiye atakayeyasikia magonjwa yao kabla ya mtu mwingine. Akipenda kusoma masaji baadaye, aende shule kama wengine. Undugu usimpeleke chumba cha huduma.

Kaka wa masaji usimwache, ila usimpe kitanda bado. Nchi nyingi zina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita darasani: anatahiniwa kwa vitendo, anaonyeshwa mapengo yake, anasoma yale tu yanayopungua. Kaulizie kwenye mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Mweleze ukweli bila kumvunjia heshima, kwamba mikono yake huitilii shaka, ila huwezi kumruhusu aguse mteja kabla hajawa na karatasi inayomlinda yeye, mteja na wewe. Wakati anasoma, mpe kazi ya kusimamia usafi wa vyumba, mashuka na mabeseni, kwa mshahara halali, ili asikate tamaa akaenda kwingine.

Na kuhusu mwisho wa mwezi: mwandikie mwakilishi barua pepe leo. Mwambie bado unalitaka eneo, na uko tayari kutia saini mara tu utakapopata mtaala wenye saa za kila somo, majibu ya maswali ya mkataba niliyoyataja, na orodha ya wenye vituo ambao unaweza kuwapigia simu mwenyewe. Ukiwapata, waulize walifungua siku ngapi baada ya mafunzo, na ni vyeti gani walilazimika kuvitafuta baadaye ambavyo hakuna aliyewatajia. Akikujibu kwamba hakuna muda wa maswali hayo, usitie saini.